Zamu ya Jiwe

Tarehe 4 Februari

Mpendwa dada yangu Jiwe,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na Baba. Mimi mzima, mke wangu mzima, watoto wazima, ni baridi tu inayotutafuna mifupa. Baba anaendeleaje? Miguu bado inavimba? Najua simu haitaki. Uliniambia mara ya mwisho aliiweka gotini, akalalamika kwamba siongei. Ndiyo maana nimeshika kalamu, umsomee.

Nina habari. Jumamosi nilipokuwa natoka gereji, pale tunapotengeneza mabasi, nikapita kwenye uwanja wa jirani. Nikakuta magari ya zamani yamepangwa safu, yameng'arishwa, wenyewe wamesimama kando wamevimba vichwa. Na katikati yao, nani? Kobe! Si Kobe wetu, pacha wake. Rangi ile ile ya chai ya maziwa, taa zile zile za macho ya usingizi, na ule mgongo wa mviringo uliompa jina. Nikaomba kukaa ndani. Mwenyewe akanifungulia mlango wa nyuma, nikavuta ile harufu ya plastiki iliyoiva kwa jua, nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu!

Nikakumbuka yote. Baba na mluzi wake. Mama anakigeuza kioo cha ndani atengeneze kilemba, na Baba anamwambia, "Sasa mimi nyuma nitaona kwa kisogo?" Mlango wa kushoto uliofungwa kwa waya na dirisha lake lililozibwa kwa ubao. Mimi kulia, dirishani, upepo unanipiga meno, na wewe upande wa ubao, umekunja uso. Na ile breki ya mkono iliyokufa kabla hatujazaliwa, na lile jiwe tulilolibeba miguuni kila safari utadhani ni mtoto wa tatu.

Wenye magari hayo wana chama chao, wamenikaribisha ingawa gari sina. Wana kijarida, wanataka niwaandikie kisa cha Kobe. Nitafutie picha. Na niambie, bado yuko nyuma ya nyumba?

Mpigie Baba magoti kwa niaba yangu.

Kaka yako


Tarehe 2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimemsomea Baba mara mbili, na ya pili alicheka pale kwenye kisogo. Macho yake yamekwisha kabisa sasa. Masikio yapo, anasikia sufuria ikifunikwa kwa jirani. Daktari anasema moyo umechoka, na ukifika mwisho wa mwaka tushukuru. Sikupambii kwa kuwa umeuliza mwenyewe.

Kobe yupo. Magurudumu yamezama ardhini, kuku wanatagia kiti cha nyuma, upande wa dirishani. Ule wa ubao hata kuku wameukataa. Picha hii hapa. Mende wamekula bega lako, usinisingizie mimi.

Umesema umekumbuka yote. Zamu hukuzikumbuka. Mama aliziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, leo wewe, kesho mimi. Mwenye zamu alikaa kulia, kwa sababu mlango wa kulia ndio uliofunguka. Tukisimama kwenye mteremko anashuka na jiwe, analiweka mbele ya gurudumu la nyuma, anapiga buti la gari mara mbili, pa pa, ndipo Baba anaondoa mguu kwenye breki. Kwa hiyo ule upepo ulikuwa nusu wako na nusu wangu. Jiulize kwa nini unaukumbuka wote kuwa wako.

Halafu nina ombi. Andika utakalo kuhusu Kobe, ila habari ya lile jiwe iache. Na hilo jina pia liache. Nina jina nililopewa na Mama kabla ya siku ile. Sidhani kama naomba makubwa.

Baba anakusalimu, anauliza kama bado unapiga mluzi.

Dada yako mdogo


Tarehe 25 Machi

Jiwe wangu,

Marahaba! Ni matumaini yangu mnaendelea vizuri. Huku afya njema na furaha tele, maana nimeshinda! Kisa changu kimeshika nafasi ya kwanza, nimepewa kikombe, kidogo lakini kizito, kiko juu ya kabati ya televisheni. Usinune, lakini habari ya jiwe ilibidi iingie. Bila jiwe hakuna kisa. Nimekutafsiria hapa mwisho wake, umsomee Mzee acheke:

"Nyumba yetu ilikuwa chini ya mteremko mkali. Siku hiyo tulikuwa tunatoka harusini, Mama akashuka kufungua geti. Dada yangu mdogo, mwenye zamu, alikuwa anaota ndoto za mchana, akasahau jiwe. Basi Kobe, ambaye maishani mwake hakuwahi kukimbia, akaamua kwamba leo ndiyo leo. Mama aliruka kama swala! Geti likalala chini, Baba akabaki ameng'ang'ania usukani anapiga honi. Tangu siku hiyo dada yangu tunamwita Jiwe."

Niliposoma mbele yao walivunjika mbavu. Mmoja ilibidi atoke nje. Wanakujua wote sasa, kila nikifika wananiuliza, "Jiwe hajambo?" Umekuwa maarufu huku, na ndege hujapanda.

Kaka yako mshindi


Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Baba ana nafuu kidogo. Mimi sijambo, kwa mdomo.

Kisa chako sikumsomea. Mama hakuruka. Alikuwa ameligeuzia gari mgongo, anahangaika na komeo la geti, na Kobe akamkuta hapo hapo. Goti lake la kulia lilipondwa. Mguu huo ndio uliokuwa unakanyaga cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyouvisha mtaa mzima. Baada ya siku ile ilisukumwa pembeni, mkono wa gauni la mtoto ukiwa bado chini ya sindano. Mama naye akasukumwa pembeni, akakaa kitini miaka ishirini na mitano mpaka tulipomzika. Mimi nikatolewa shule darasa la tatu, nikabaki nyumbani kumshika mkono kwenda chooni. Posa zangu mbili zilirudi, watu walisema huyo binti ndiye aliyemlemaza mama yake. Hapo nako wenzako wangecheka?

Sasa nisikilize vizuri. Zamu ilikuwa yangu, ni kweli. Lakini tulipotoka harusini ulinisukuma upande wa ubao, kwa sababu wasichana walikuwa wanatazama na ulikuwa na shati jipya. Umeandika mwenyewe kwamba daima ulikaa dirishani. Anayekaa dirishani ndiye wa jiwe, kaka. Tulipofika mteremkoni nilipiga magoti kitini nikatazama nje kupitia kioo cha nyuma. Nilikuona unashuka nalo. Ukaona mjusi ukutani, ukamrushia. Jiwe likaangukia kule kwenye majani, na wewe, badala ya kulifuata, ukapiga buti mara mbili. Pa pa. Mpaka leo mtu akigonga mlango mara mbili mwili wangu unakufa ganzi.

Baba aliposhuka hakuuliza nani alikuwa na jiwe. Aliuliza, "Leo zamu ya nani?" Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mtoto wa kusema kweli. Nikasema, "Yangu." Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukanyamaza.

Nilipofika miaka kumi na mitano nilijaribu kumweleza Mama. Alinizaba kibao, akasema ninamchafulia jina mwenzangu kwa kuwa yuko bweni hawezi kujitetea. Neno langu humu ndani halina uzito. Lako linao. Andika ukurasa mmoja tu, nimsomee Baba kabla hajaenda. Mama alikwenda akiamini ni mimi. Nataka mzazi wangu huyu mmoja aliyebaki anione, hata kwa macho yasiyoona, kuwa mtoto asiye na kosa. Sina haja nyingine na wewe.

Dada yako


Tarehe 30 Julai

Dada Jiwe,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima na Baba mzima. Nisamehe kwa kukawia, nimepandishwa cheo, sasa mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi, hata kujikuna sipati nafasi.

Barua yako niliisoma. Nimeisoma mara nyingi. Mimi sikumbuki hivyo. Watoto hawakumbuki sawasawa, mambo yanachanganyikana, leo unaota kesho unasema uliona. Na tuseme, nasema tuseme tu, ilikuwa hivyo. Itamsaidia nini mzee wa miaka sabini na tisa kuondoka duniani ana uchungu na mwanawe wa kiume? Wewe umeshazoea. Umeubeba huo mzigo miaka thelathini na sita, miezi michache hii itakushinda? Mwache afe kwa amani. Tukishamzika tutakaa, mimi na wewe, tuyamalize kindugu.

Sasa jambo jingine. Chama kina maonyesho makubwa tarehe 14 Novemba. Yule mwenye pacha wa Kobe usukani wake umepasuka, na usukani wa aina hiyo hautengenezwi tena. Nikawaambia mimi ninao! Walinipigia makofi. Mwite fundi aufungue taratibu, unitumie kwa posta.

Msalimie sana Baba.

Kaka yako


Tarehe 21 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Baba hajazidiwa wala hana nafuu. Jana nilimwogesha, mgongo umebaki mifupa mitupu. Nilipokuwa namfuta aliniambia, "Jiwe, maji yako leo baridi." Nina miaka arobaini na mitano.

Fundi sikumwita. Nimeingia ndani ya Kobe mwenyewe, nimewafukuza kuku, nimeufungua usukani kwa spana ya Baba. Umenichubua vidole lakini umetoka mzima, hata ile alama ya kidole gumba cha Baba ipo. Nimeufuta kwa mafuta, nimeutia kwenye gunia, uko chini ya kitanda chake.

Umesema unamhurumia Mzee. Nadhani unakihurumia kikombe chako. Basi tufanye biashara. Ukurasa uje, kifurushi kiende. Usipokuja, usukani naupeleka kwa muuza vyuma chakavu, na anakaa karibu.

Dada yako


Tarehe 15 Septemba

Dada,

Sina nafasi ya salamu ndefu, leo uniwie radhi. Umenishika pabaya. Wenzangu nilishawaahidi. Ukurasa huu hapa, umsomee kama ulivyo, usiongeze chumvi. Nikuambie kweli, nilipoanza kuuandika nilikuwa nauandikia usukani. Nilipofika katikati mkono uligoma, nikatoka nje nikazunguka nyumba mara tatu.

"Baba yangu mpendwa, shikamoo. Ni mimi mwanao. Siku ile ya geti jiwe lilikuwa mkononi mwangu. Nilimnyang'anya mdogo wangu nafasi yake, nikamrushia mjusi jiwe, na nikapiga buti wakati sijaliweka. Nilidhani nitaliwahi. Ulipouliza zamu ya nani niliona mdogo wangu anafungua mdomo, nikamwacha aseme. Nimemwacha mpaka leo. Mama sikumwomba msamaha, wewe nakuomba. Yeye hana kosa hata kidogo. Mwanao."

Ukishamsomea nitumie haraka, posta ya huko ni ya kubahatisha.

Kaka yako


Tarehe 12 Oktoba

Kaka,

Shikamoo.

Ukurasa wako ulifika Jumanne. Nilimwogesha Baba kwanza, nikambadilishia shuka, nikamkalisha na mito mgongoni. Mimi nikavaa gauni langu la kutokea. Kwa ajili ya mtu asiyeona, cheka ukitaka. Kisha nikamsomea, neno kwa neno, sikuongeza kitu. Sauti yangu haikutetemeka hata mara moja, nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

Nilipomaliza akasema, "Najua."

Nikadhani hakusikia. Nikaanza kusoma upya, akaninyamazisha kwa mkono. "Nilimwona kwenye kioo anapiga buti," akasema. Nikamwambia haiwezekani, kioo Mama alikuwa amekigeuza upande wake. Akasema, "Aliposhuka nilikirudisha."

Kaka, miaka yote hii kitu kilichonipa nguvu ya kumpikia na kumfulia ni kwamba Baba hakuona. Nikamwuliza, kama uliona, kwa nini uliuliza zamu ya nani? Alijibu bila haraka, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Alisema alipoona goti la Mama alijua atahitaji mtu wa kukaa naye, na wewe ulikuwa unafanya vizuri shuleni. Alisema, "Mtoto mwenye kosa haondoki nyumbani." Alisema aliona mimi nitaliweza. Kisha akasema, "Jiwe, nipe maji."

Nilimpa maji. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Nimepata kazi kwa mtu anayeshona sare za shule, mbali na hapa. Kushona nilijifunza mwenyewe, Mama akiwa amelala, maana hakutaka niiguse ile cherehani. Nimeichukua. Ule mkono wa gauni niliukuta bado uko chini ya sindano, nimeuchomoa. Kuku wote nimempa yule muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, na amekubali kukaa na Baba mpaka tarehe 15 Novemba. Kuanzia tarehe 16 hakuna mtu. Dawa ziko dirishani, ya asubuhi ni nyeupe, ya jioni ni ya njano. Anapenda kugeuzwa kila baada ya saa tatu.

Kifurushi chako nimekipeleka posta leo. Nyuma ya mlango wa jikoni nimeandika kwa chaki, utasoma ukifika.

Dada yako


Tarehe 2 Novemba

Dada,

Habari za huko? Nimechanganyikiwa, hata sijui naanzia wapi. Kifurushi kilifika jana, nikakipeleka chamani bila kukifungua, ili tukifungue pamoja. Walikuja wote, na wake zao. Yule mwenye pacha wa Kobe alikuwa amevaa tai. Nilikata kamba, nikafunua magazeti, ndani lilikuwa jiwe. Lile lile, lenye ufa na rangi ya chai ya maziwa pembeni. Walidhani ni utani, wakacheka. Mmoja akauliza kama hili ndilo lililosahauliwa na Jiwe. Nilitoka, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kuhusu Baba nimekuelewa, lakini mtu hawezi kuacha kazi kwa taarifa ya siku mbili tatu. Maonyesho ni tarehe 14, siwezi kuwaangusha tena, wameshaniona mwongo. Nitasafiri mara yakiisha. Mwambie muuguzi aongeze siku chache. Au rudi wewe hizo siku chache tu, dada, halafu uende zako. Nijibu upesi. Najua unaipata barua hii, huwezi kuwa umeondoka kweli.

Kaka yako


Tarehe 25 Novemba

Dada yangu,

Nakuandikia kutoka nyumbani, nimekaa ndani ya Kobe, maana ndani ya nyumba nimeshindwa. Natumaini u mzima popote ulipo. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilifika tarehe 18. Baba alifariki tarehe 13, akazikwa kesho yake. Majirani walimzika, na wakati wanafukia kaburi mimi nilikuwa uwanjani nimeshika kitambaa, nafuta vumbi kwenye gari la mtu. Barua yangu ya mwisho nimeikuta mezani, haijafunguliwa.

Usukani nimeukuta chini ya kitanda chake, kwenye gunia. Mlango wa jikoni nimeusoma. Jumatatu mpaka Jumapili, siku zote saba, jina langu.

Muuguzi ameniambia siku zake za mwisho alikuwa anauliza kitu kimoja tu. Alikuwa anauliza, "Leo zamu ya nani?" Yule mama wa watu hakuelewa, akaenda akausoma mlango, akamwambia ni zamu ya mwanawe wa kiume. Baba akatikisa kichwa, akasema, "Huyo hawezi. Mwite Jiwe." Akaendelea kukuita hivyo mpaka sauti ikakatika. Muuguzi anasema alimdanganya kwamba uko jikoni unachemsha maji, na kwamba aliamini.

Tangu juzi nazunguka mtaa mzima nakuulizia. Nilianza na jina lako, lile alilokupa Mama. Duka la kona, mashine ya kusaga, kwa fundi viatu, nyumba hadi nyumba. Wote walinikazia macho, hakuna aliyejua namsema nani. Ikabidi niseme Jiwe. Wakajua mara moja. Wakaniambia, aah, Jiwe, yule aliyemlemaza mama yake, ameondoka zamani huyo, na hakumwambia mtu anakokwenda.

Nilisimama pale na mdomo wangu wazi, na sikuwasahihisha.

Kaka yako